WARAKA MMOJA KATIKA JALADA: SKULI NA MTOTO MWENYE MARADHI ADIMU

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mzazi mmoja, mtumishi wa Serikali, mbele ya kikao cha Walimu Wakuu, Masheha, watumishi wa afya na wajumbe wa Kamati za Skuli kisiwani Pemba. Yanachapishwa kwa faida ya watumishi na wananchi.)

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa Masheha,
Ndugu Walimu Wakuu,
Ndugu Watumishi wa Afya,
Mabibi na Mabwana,



Kwanza kabisa natoa shukurani zangu kwa kupewa nafasi hii. Nilipoipokea barua ya mwaliko nilidhani imekosewa anuani, kwani mimi si daktari wala si mwalimu. Mimi ni karani wa masijala. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini ni kupokea barua, kuzipa nambari, kuzitia katika majalada, na kuyatafuta majalada hayo pale wakubwa wanapoyahitaji, jambo ambalo kwa kawaida hutokea wakati kila mtu ameshavaa viatu vya kurudia nyumbani. Ndugu Mwenyekiti alinifahamisha kwamba nimeitwa kama mzazi. Nimekubali, ila nitaomba radhi mapema, kwani ukarani wangu hautaniacha. Mtauona umejitokeza katika kila nitakalolisema.

Mwanangu wa tatu, ambaye ni wa kiume, ana maradhi yaitwayo himofilia. Mtu mwenye afya anapokatika, damu yake huganda baada ya muda mfupi, kwa sababu ndani yake umo mfululizo wa protini ambazo kila moja huiamsha nyengine, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kwenye moto. Wataalamu huziita faktari, na wamezipa nambari. Mwenye himofilia ya aina ya A amepungukiwa na faktari ya nane, na mwenye aina ya B amepungukiwa na faktari ya tisa. Mmoja katika foleni hiyo akikosekana, ndoo hazifiki. Mgonjwa ambaye faktari yake ni chini ya asilimia moja ya ile ya kawaida huhesabiwa kuwa na maradhi makali, na mwanangu ni miongoni mwao.

Wengi hudhani kwamba mtoto wa namna hii akichomwa na mwiba tu atamwaga damu mpaka afe. Sivyo. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya mwengine, bali hutoka kwa muda mrefu zaidi. Na ile damu ya ngozi tunayoiona sisi si hatari yake kubwa. Hatari yake ni ile inayovuja ndani, khasa katika magoti, vifundo vya miguu na viwiko. Kiungo kinachojaa damu mara kwa mara huharibika taratibu, na mtoto wa miaka kumi akawa anatembea kama mzee. Damu ikivuja ndani ya kichwa, hapo ndipo tunapozungumzia uhai na mauti.

Kwa makisio ya wataalamu, aina ya A humpata takriban mtoto mmoja katika kila wavulana 5,000 wanaozaliwa, na aina ya B mmoja katika wavulana 25,000 hadi 30,000. Ndiyo maana mwalimu anaweza kusomesha mpaka akastaafu bila ya kumuona hata mmoja, na asiwe na lawama yoyote kwa kutoyajua maradhi haya. Siko seli kila mmoja wetu hapa ana jirani anayeiumwa. Himofilia wengi wenu mnalisikia jina lake leo.

Sisi tuliijua siku ya tohara. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitano, na damu haikukatika siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Hapo ndipo mama yangu mzazi alipotamka neno alilolihifadhi kwa zaidi ya miaka arobaini: ndugu zake wawili wa kiume walikufa katika jando, na watu wa wakati huo wakasema wamehusudiwa. Damu ya mwanangu ilipelekwa kupimwa Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambako ipo kliniki ya maradhi haya, na jina likapatikana.

Jina lile lilikuja na mzigo wake. Himofilia hurithiwa kupitia kwa mama, ambaye mara nyingi mwenyewe haumwi. Nilielezwa kwamba katika takriban theluthi moja ya wagonjwa hakuna aliyewahi kuumwa katika ukoo, mabadiliko hutokea yenyewe. Lakini kwangu mimi wajomba wawili walikuwa kaburini, na sikuwa na pa kujificha. Nina mabinti wawili. Nilijua kwamba jina hilo likitoka nje ya nyumba, watakaokuja kuposa watauliza. Maradhi haya yamewahi kuingia katika majumba ya wafalme wa Ulaya kwa njia ya vizazi vya Malkia Victoria wa Uingereza, na mtoto wa kiume wa mfalme wa mwisho wa Urusi aliyaumwa. Habari hiyo huwa nawasimulia watu leo. Wakati ule haikunifaa kitu.

Basi nilinyamaza. Hili ndilo kosa langu la kwanza, na nimekuja kulisema mbele yenu kwa sababu najua wapo wazazi wengine wanaolifanya hivi sasa. Mtoto alipoandikishwa darasa la kwanza, fomu ilikuwa na mstari unaouliza kama ana maradhi yoyote. Niliandika “Hana” kwa mkono wangu huu huu unaoandika barua za Serikali. Nilimwambia mtoto asipande miti, asicheze mpira, na akiulizwa aseme kwamba mama amemkataza. Mtoto wa miaka saba nikamfanya mlinzi wa siri ya ukoo mzima.

Alipokuwa darasa la pili alichelewa siku moja kufika skuli. Waliochelewa walipigwa bakora mbili mbili, na alipoletewa bakora ya mkono aliuvuta, ikampata juu ya kifundo. Jioni mkono ulikuwa umevimba kutoka kwenye kiganja hadi kiwiko na umekuwa mgumu kama ubao. Tulifika hospitali usiku. Dawa inayohitajika haikuwepo, na boti ya kwenda Unguja haiondoki usiku. Tulipofika alipoweza kutibiwa, damu iliyojazana ilikuwa imekwisha kuibana mishipa na misuli ya mkono. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havinyooki sawasawa hadi leo.

Sikuja hapa kufungua mjadala wa bakora, ijapokuwa maoni yangu mnaweza kuyakisia. Ninachotaka kukieleza ni kwamba mwalimu yule alikuja nyumbani siku ya nane, akakaa barazani, akashindwa kusema. Alikuwa kijana. Aliponiuliza kwa nini hatukumwambia, mume wangu alitazama chini, na mimi nikaingia ndani kutia chai. Fimbo ilikuwa mkononi mwake, lakini neno “Hana” nililiandika mimi.

Baada ya hapo siri haikuwepo tena, na tukaingia katika kosa la pili, ambalo safari hii halikuwa langu. Uongozi wa skuli ulituita na kutueleza, kwa upole na heshima, kwamba mtoto abakie nyumbani mpaka apone. Ndugu Mwenyekiti, himofilia haina kupona. Kumwambia mtoto huyu arudi skuli atakapopona ni kumwambia asirudi. Alikaa nyumbani miezi mitano. Kila asubuhi alivaa sare, akakaa kizingitini kuwatazama wenziwe wanapita, kisha akaivua. Watu wa visiwa hivi tulitangaziwa elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964, ili mtoto asikoseshwe elimu kwa umasikini wa babake wala kwa rangi yake. Sidhani kama waliokuwepo siku ile walikusudia kwamba akoseshwe kwa sababu ya damu yake. Lakini mwalimu mkuu yule hakuwa mtu mbaya. Aliogopa mtoto asije akafia mikononi mwake, na hakuna mtu aliyekuwa amemwandikia mahali popote afanye nini siku hiyo ikifika.

Aliyetutoa hapo ni mwalimu mmoja wa hesabu. Alikuja nyumbani na daftari tupu, akauliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, si hospitali wala skuli: “Bibi, siku ya kawaida ya mtoto huyu ikoje, kutoka asubuhi hadi jioni?” Tulikaa mpaka Magharibi. Alitaka kujua anaamka vipi, anakwenda kwa njia ipi, anakaa dawati gani, chuo cha Kurani anakwenda saa ngapi, na yeye mwenyewe anajuaje kwamba damu imeanza kuvuja. Swali hili la mwisho alimwelekea mtoto, na mtoto akajibu kwamba goti kwanza huwa linamtekenya na kuwa la moto, kisha ndipo linapouma, na uvimbe huja mwisho. Mimi mamake sikuwa nikiyajua hayo. Baadaye daktari alithibitisha kwamba wagonjwa wengi huitambua dalili hiyo mapema, kabla ya mtu wa nje kuona chochote, na kwamba dawa ikitolewa wakati huo kiungo huokoka.

Kutokana na daftari lile tulitengeneza waraka wa ukurasa mmoja. Daktari aliusoma na kuusahihisha, mwalimu mkuu akautia saini, na mtoto akarudi darasani. Nitaeleza yaliyomo, kwani haya ndiyo niliyoitiwa.

Juu kabisa limeandikwa jina la mtoto, jina la maradhi, aina yake na ukali wake, na kundi la damu. Chini yake ni sentensi moja: mtoto akisema kwamba kiungo kimeanza, aaminiwe. Sentensi hii ilizua ubishi mkubwa kuliko zote. Mwalimu mmoja alisema kwamba mtoto ataitumia kukwepa masomo. Mwalimu wa hesabu alimjibu kwamba huenda akadanganya mara moja kwa mwezi, na hasara yake ni somo moja, lakini tukikataa kumwamini mara moja aliposema kweli, hasara yake ni goti. Hesabu hiyo ilikubaliwa.

Kisha yanafuata mambo ya kufanya kwa jeraha dogo. Mkato wa kawaida ukandamizwe kwa kitambaa safi mpaka damu ikatike, bila ya kufunua kila dakika kutazama. Damu ya pua, mtoto akae, ainamishe kichwa mbele, si kukirudisha nyuma kama tulivyozowea, na pua ibanwe kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Meno ya utoto yanapong'oka, jambo ambalo kwa watoto wa madarasa ya chini ni la kila siku, mzazi aarifiwe, kwani fizi inaweza kuvuja kwa siku nzima. Kiungo kikivimba, mtoto apumzike, kiungo kiinuliwe na kifungwe bandeji isiyokaza mno, na kiwekewe barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa muda wa robo saa. Skuli haina friji. Tulikubaliana na jirani anayeuza barafu mbele ya geti, na jina lake limo katika waraka. Pengine yeye ndiye mtu pekee asiye mtumishi wa Serikali aliyetajwa katika waraka rasmi wa skuli ile, na anajivunia jambo hilo.

Halafu yapo mambo yasiyosubiri kitu. Pigo lolote la kichwa, shingo au tumbo, hata kama mtoto anacheka na hakuna uvimbe. Maumivu makali ya kichwa. Kutapika au usingizi usio wa kawaida: mtoto apelekwe hospitali hapo hapo, na mzazi apigiwe simu gari ikiwa njiani, si kabla. Hapo zamani mwalimu angemtafuta mzazi kwanza kwa kuogopa lawama. Waraka umemwondolea hofu hiyo, kwani mimi na babake tumetia saini kwamba hatutalaumu. Zimeandikwa nambari tatu za simu, na ya nne ni ya dereva wa gari ya abiria ambaye kituo chake hakipo mbali na skuli.

Na sehemu ya mwisho imeandikwa kwa wino mwekundu, ikiwalenga watumishi wa afya. Mtoto huyu asipigwe sindano ya msuli. Asipewe aspirini wala diklofenaki, kwani dawa hizo huzidisha kuvuja kwa damu. Akiwa na maumivu, apewe parasetamoli. Ndugu zangu wa afya mtanisamehe, lakini mara tatu nimesimama baina ya mwanangu na sindano ya diklofenaki, ambayo kwa mtoto huyu ni makosa mawili kwa mpigo mmoja, na mara zote tatu aliyeishika alikuwa mtu mwema anayetaka kumtuliza mtoto anayelia. Mara ya tatu nilimwonesha waraka. Aliusoma, akaiweka sindano chini, akaomba abaki nao aunakili.

Waraka una nakala tano. Moja ni ya mwalimu mkuu, moja ya mwalimu wa darasa, moja ya kituo cha afya, moja ninayo mkobani, na ya tano ni ya ustadhi wa chuo. Hii ya tano tuliisahau mwanzoni. Mtoto wa Kizanzibari ana skuli mbili kwa siku, na mpango unaoijua moja tu ni nusu ya mpango.

Sasa naja katika jambo la masijala, na ndilo khasa ninalotaka mwondoke nalo. Mwaka uliofuata mwalimu wa hesabu alipewa uhamisho. Aliondoka katika wiki moja, kama uhamisho wetu ulivyo. Nakala ya mwalimu wa darasa ilikuwa katika mtoto wa meza yake pamoja na chaki na barua za harusi, na meza ilisafishwa. Mwalimu mkuu naye alikuwa amestaafu. Mwezi wa pili, mwalimu mpya aliwaagiza wavulana wabebe madawati kutoka darasa moja hadi jengine, na mwanangu, ambaye hapendi kuonekana dhaifu, akabeba. Wiki tatu hakutembea. Skuli ile ile iliyokuwa mfano mwaka mmoja nyuma ilikuwa imerudi kutojua kitu, na hakuna hata mtu mmoja aliyefanya uzembe. Ujuzi ulikuwa wa mwalimu, haukuwa wa skuli. Mwalimu alipohama, ulihama naye.

Katika ofisi zetu jambo lisilokuwemo jaladani halikutokea. Tunalicheka sana neno hili sisi makarani, lakini mtoto wangu ameligharimia goti. Hivyo tuliomba, na ikakubaliwa, waraka utiwe katika jalada la mwanafunzi, ukurasa wa mbele kabisa. Utajwe kwa maandishi katika hati ya makabidhiano kila mwalimu mkuu au mwalimu wa darasa anapobadilika. Na kila mwanzo wa mwaka, mzazi na mwalimu mpya wakae pamoja nusu saa, wausome, wabadilishe kilichobadilika na watie tarehe mpya. Kwani mtoto hakui na waraka wake. Ule wa darasa la pili ulisema asipande ngazi za ghorofani. Yuko sekondari sasa, na tungemzuilia maktaba na maabara kwa sababu ya sentensi ya zamani.

Baadhi yenu mnajiuliza kuhusu michezo. Mpira wa miguu hachezi. Ameambiwa na madaktari, na ameumwa vya kutosha kuwaamini, lakini huzuni yake juu ya jambo hilo haikwisha na sijaribu kuimaliza. Walimfanya mwandishi wa magoli, na anayaandika kwa ukali unaowaudhi washambuliaji. Kuogelea ndiko kunakosifiwa na madaktari kuliko michezo yote kwa maradhi haya, kwani misuli huimarika na kukilinda kiungo, na maji huubeba uzito wa mwili. Nilipoambiwa hivyo nilicheka. Tumezungukwa na bahari pande zote, na mimi nilikuwa nimemkataza kwenda pwani.

Wenziwe darasani walimwita “Kioo”. Mwalimu alitaka kukemea. Mtoto aliomba aachiwe aeleze mwenyewe, na alieleza kwa dakika kumi, na kuchora ile foleni ya ndoo ubaoni. Jina lilibakia, lakini sasa wakimwita hivyo ni kwa mapenzi, na wakati wa mapumziko hujipanga pembeni mwake bila ya kuambiwa. Wapo wazazi waliokuwa na khofu nyengine, ambayo haikusemwa kwa sauti. Mtoto mwembamba, anayefungwa bandeji, anayekwenda hospitali kila mara: walinong'ona kwamba ni ukimwi. Lazima niseme ukweli wote hapa. Katika miaka ya 1980 wagonjwa wengi wa himofilia duniani waliambukizwa kupitia dawa zilizotengenezwa kwa damu. Frank Schnabel, mgonjwa wa himofilia aliyeanzisha Shirikisho la Dunia la Himofilia mwaka 1963, na ambaye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 17 Aprili, ndiyo iliyofanywa siku ya maradhi haya duniani tangu mwaka 1989, alikufa kwa njia hiyo hiyo. Tangu wakati huo dawa hizo husafishwa na kuuwa virusi, na nyengine hazitengenezwi kwa damu kabisa. Himofilia yenyewe haiambukizi, si kwa kukaa dawati moja, wala kwa kula sahani moja. Mwalimu mkuu mpya aliyasema haya katika mkutano wa wazee wa wanafunzi, kwa ruhusa yetu, na minong'ono ikapungua. Kuisha kabisa siwezi kusema imeisha.

Kuhusu masomo, mtoto hukosa siku nyingi. Mwaka mmoja alikosa siku arobaini. Tulikubaliana kwamba mwanafunzi mmoja jirani anamletea daftari kila jioni, na mwalimu hasubiri arudi ndipo amfidishe. Kwa mitihani ya taifa, skuli iliomba mapema, kwa barua iliyoambatishwa na cheti cha daktari, apewe muda wa ziada, kwa vile mkono wake wa kulia huchoka. Neno ni “mapema”. Ombi la wiki ya mtihani huwa limeshachelewa, na hapa nazungumza kama mtu anayejua barua hukaa wapi kabla ya kufika.

Wakubwa wa ofisi waliomo humu nawaomba jambo moja dogo. Mzazi wa mtoto kama huyu anapoomba ruhusa ya ghafla, hana siku mbili za kuandika barua. Mkuu wangu wa kazi aliniruhusu niondoke kwanza na kuandika nirudipo, na katika miaka yote hiyo sikuitumia vibaya ruhusa hiyo hata mara moja. Kadhalika nawaomba wenye hospitali mtazame namna ya kuweka akiba ya dawa hii kisiwani, japo ya wagonjwa wachache. Shirikisho nililolitaja limekuwa likitoa dawa za msaada kwa nchi zisizo na uwezo tangu mwaka 1996, na ipo dawa mpya iliyoidhinishwa kwanza Marekani mwaka 2017, inayopigwa chini ya ngozi na kuweza kumkinga mwenye aina ya A kwa wiki kadhaa. Lakini msaada huombwa kwa idadi ya wagonjwa waliosajiliwa. Mtoto aliyefichwa nyumbani haingii katika idadi hiyo, na dawa yake haiombwi.

Mtasema kwamba haya yote ni ya mtoto mmoja. Ulaya huhesabu maradhi kuwa adimu pale yanapompata asiyezidi mtu mmoja katika kila 2,000, na maradhi ya namna hiyo yanajulikana zaidi ya 6,000. Kila moja ni nadra. Yakijumlishwa yote, nina hakika kwamba hakuna shehia katika kisiwa hiki isiyo na mtoto mwenye mojawapo, na Masheha mtanisahihisha. Yuko ambaye mifupa yake huvunjika kwa kuanguka kidogo, yuko ambaye ngozi yake huchubuka kwa kuguswa. Yaliyomo katika waraka wao yatakuwa mengine kabisa. Swali la mwalimu wa hesabu litakuwa lile lile, na mahali pa kuuweka ni pale pale.

Nimekuja na nakala za waraka mtupu, usio na jina, kwa yeyote atakayeuhitaji. Ziko kumi na nne tu, kwani karatasi za ofisi si zangu na hizi nimezinunua. Watakaokosa waje masijala siku yoyote ya kazi, ila nawaomba msije saa ya kufunga.